Gari la kukaa nalo na gari la kuuza: Nani atabeba dhima ya kasoro iliyofichwa?



Miezi michache iliyopita nilipeleka pikapu yangu, Toyota Hilux ya mwaka 1996, kwa fundi mmoja hapa Dodoma. Nilikuwa nimekwishapata mnunuzi, ndugu mmoja wa Kondoa, na nilitaka gari likaguliwe kabla ya kumkabidhi. Fundi aliingia chini, akagongagonga kwa nyundo, akanyamaza, kisha akaniita nami nikalala chini nione. Pale springi ya nyuma inaposhikwa na chasisi palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Alipokwangua rangi nyeusi pembeni yake, fila ikadondoka. Chini ya fila kulikuwa na kipande cha bati jembamba kilichochomelewa juu ya kutu. Mtu aliyekuwa na gari hili kabla yangu, au aliyekuwa nalo kabla yake, alikwishauona ugonjwa huu akaufunika.

Fundi akaniuliza swali ambalo halijanitoka mpaka leo: "Ustadhi, unatengeneza ukae nalo, au unatengeneza uuze?"

Ukitaka kukaa nalo, alisema, ni shilingi milioni moja na laki mbili. Ukitaka kuuza, laki moja na nusu inatosha. Hakusema kwa ubaya. Kwake ni bei mbili za kazi mbili, kama fundi cherehani anavyouliza kama nguo ni ya sikukuu au ya shamba.

Ndugu msomaji, ili tuelewane ni vyema tujue kazi hizo mbili zinatofautiana vipi. Chasisi ya pikapu ni uti wa mgongo. Injini, bodi, springi na mzigo vyote vinaikalia. Chuma chake ni kama boksi, na udongo ukiingia ndani hukaa humo na kushika unyevu. Magari yaliyotoka kaskazini mwa Japani yamepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na yaliyokaa Dar es Salaam yamevuta upepo wa bahari. Yakifika huku kwetu bara, kutu imekwishaanza, na mzigo uliozidi kwenye barabara mbovu humalizia. Kabla ya lami ya Dodoma hadi Babati kuzinduliwa mwaka 2018, walioijua njia ya Kondoa wanakumbuka mashimo na vumbi lake.

Kazi ya kukaa nalo ni hii: tenki la mafuta linatolewa, waya za betri zinafunguliwa, gari linawekwa sawa juu ya stendi na chasisi inapimwa kona kwa kona kujua kama imepinda. Kutu inakatwa mpaka kwenye chuma kizima. Mwisho wa ufa unatobolewa tundu dogo ili usiendelee mbele. Kisha kinachomelewa chuma chenye unene kama wa asili, kingo zake zikatwe mshazari, kwa sababu mshono uliosimama wima ndio unaokatika kwanza. Mwisho inapakwa rangi ya kuzuia kutu, ndani na nje. Kazi ya kuuza ni bati, fila na rangi nyeusi. Ukichungulia chini, ya pili inapendeza kuliko ya kwanza.

Nakiri kwamba nilisita. Mshahara wa mwalimu unajulikana, na nafsi haikosi hoja. Naziandika hapa hoja zangu kwa sababu naamini si zangu peke yangu.

Hoja ya kwanza: gari ni kuukuu, na kila mtu anajua kuwa kuukuu lina mambo yake. Hoja hii ina ukweli nusu. Wanazuoni wetu wanasema kasoro ni ile inayopunguza kitu au thamani yake kiasi cha kuharibu lengo la mnunuzi, ilhali kwa kawaida vitu vya aina ile havina kasoro hiyo. Kwa hiyo mkwaruzo kwenye mlango wa gari la mwaka 1996 si kasoro; mnunuzi aliutegemea. Lakini hakuna anayenunua gari, hata likiwa kuukuu namna gani, akitegemea kwamba litakatika katikati likiwa na watu.

Hoja ya pili: mimi nami niliuziwa hivi hivi. Hii ndiyo iliyonishika zaidi, maana ina sura ya haki. Lakini yule wa Kondoa hakunidhulumu. Kama nina dai, ni kwa aliyeniuzia, wala sijui kama naye alijua. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Mimi niliyekasirika kupunjwa nilikuwa najiandaa kupunja.

Hoja ya tatu ndiyo maarufu kwa madalali: "Nauza kama lilivyo." Hapa mafakihi wamekhitalifiana. Wanazuoni wa Kihanafi wanakubali sharti la muuzaji kujivua na kasoro zote. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo linamvua tu na kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Gari si mnyama, na mimi nilikwishajua. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdallah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti kama hilo, mnunuzi akalalamika kuwa ana ugonjwa. Sayyidna Uthman akamtaka Ibn Umar aape kuwa hakuujua. Akakataa kuapa, akamrudisha. Nilijiuliza: mimi ningeapa?

Tunaijua hadithi aliyoipokea Imam Muslim, jinsi Mtume (SAW) alivyotia mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye chakula alisema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuyaweka yaliyolowa juu watu wayaone, kisha akamtenga mdanganyifu na umma wake. Nami silaumiwi kwa kutu. Nitaulizwa kuhusu rangi nyeusi.

Na si muuzaji peke yake. Imam Ghazali ameeleza katika Ihyaa kisa cha sahaba Wathila bin al-Asqa, aliyemkimbilia mtu aliyekwishanunua ngamia jike kwa dirham 300, akamuuliza kama anamtaka kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibu ni kwa kupanda, akamwambia nyayo yake ina tundu, hatahimili safari ndefu. Bei ikapunguzwa dirham 100, na muuzaji akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila alieleza kuwa Mtume (SAW) amefundisha kwamba haihalaliki kwa anayeijua kasoro kuinyamazia. Tazama, fundi wangu naye aliuliza linakusudiwa nini, kama Wathila alivyouliza. Tofauti ni nani aliyeulizwa: Wathila alimuuliza mnunuzi ili kumlinda, fundi aliniuliza mimi, na mnunuzi hakuwepo.

Nilichagua kazi ya milioni moja na laki mbili. Lakini swali halikuishia hapo: nikishatengeneza vizuri, je, bado nina wajibu wa kusema? Nilimuuliza fundi kama mshono unashusha bei hata ukiwa mzuri. Akasema unashusha. Basi jibu nililipata hapo, kwa kuwa kasoro hupimwa kwa desturi ya wanaoijua bidhaa. Ndugu wa Kondoa alipokuja nikamlaza chini ya gari kama nilivyolazwa mimi. Akauliza kama litabeba watu na magunia kwenda mnadani. Fundi akamjibu uzito wa kuishia. Akapunguza laki nane, tukapeana mikono.

Siwezi kusema nilifaidika. Hesabu ya fedha inaonyesha hasara. Lakini Hakim bin Hizam amepokea kutoka kwa Mtume (SAW) kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa biashara yao, na wakificha, baraka hufutwa. Yule ndugu ana wanawe, na huwapakia nyuma ya pikapu ile. Kila ninaposikia habari ya ajali katika njia ya Kondoa naweza kusikiliza mpaka mwisho.

Enyi mafundi na madalali wa Kiislamu, mkiulizwa na mwenye gari bei ya kazi ya kuuza, mwambieni haipo.

Wallahu a'lam.