Mkoko Mmoja, Picha Mbili

Ukiwa Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji, jaribu mchezo huu. Chagua mkoko mmoja tu, karibu na pale mitumbwi inapofungwa. Upige picha maji yakiwa yamejaa, kisha urudi baada ya saa sita hivi, yakiwa yamekupwa. Mwanzo ulipata kichaka kinachoelea. Sasa una mizizi iliyosimama juu ya tope linalong'aa, na kaa anayekimbilia shimoni. Mti ni uleule, nawe umesimama palepale. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti huwa kubwa zaidi.

Kazi ipo kwenye tope. Hurudisha mwanga kama kioo, simu ikadanganyika na kuutia mti giza. Gusa penye kivuli kwenye kioo cha simu, au zunguka mpaka jua liwe mgongoni mwako.

Mchezo wa pili: picha 36, basi. Ndizo zilizoenea katika mikanda mingi ya filamu. Mpigapicha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianza kushika kamera akiwa mtoto Dar es Salaam, enzi hizo za kuhesabu. Usifute, usitazame mpaka jioni. (Mimi sifiki hata 20 bila kuchungulia.)

Na watoto wapewe rangi moja, tuseme bluu, waisake kuanzia ndoo hadi tanga.

Ukitaka kumpiga picha mvuvi, mwamkie kwanza, umwombe. Akikataa, mkoko wako bado upo.