Manukato ya Ijumaa na Haki ya Aliye Kando Yako



Sisi watu wa mwambao twapenda harufu nzuri, na hilo si jambo la kulaumiwa. Ijumaa asubuhi chetezo hutiwa makaa, udi ukafukizwa, na kanzu ikapitishwa juu ya moshi wake. Kisha mtu hujipaka haludi, au mafuta yaliyochanganywa miski, ambari, zafarani na karafuu. Harufu nzito yenye joto, ikaayo nguoni hata magharibi. Mtume (s.a.w.) aliyapenda manukato, wala hakuwa akiyarudisha anapopewa, kama alivyopokea Anas (r.a.).

Lakini leo nataka kuwaeleza aibu iliyonipata mimi mwenyewe.

Ijumaa moja nilikwenda msikitini nimejipaka haludi niliyoinunua kwa fedha nyingi. Akaja mchukuzi mmoja, mtu mzima, atoka kazini, nguo zimelowa jasho, akakaa kando yangu. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikajisogeza. Aliona, wala hakusema neno. Ijumaa ya pili sikumwona safuni, wala ya tatu. Nilipokutana naye njiani nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona hatukuoni?" Akanijibu, "Mwanangu, sasa naswali nyuma, karibu na mlango, nisiwaudhi wenye manukato."

Nikarudi kuisoma hadithi ya Salman al-Farisi (r.a.) iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, nikaona kwamba nilikuwa nikiishika nusu yake. Humo ametajwa mtu aogaye siku ya Ijumaa, akajitakasa awezavyo, akajitia mafuta au manukato ya nyumbani kwake, akatoka asitenge baina ya watu wawili, akaswali, akamnyamazia imamu. Huyo husamehewa yaliyo baina ya Ijumaa hiyo na ya pili.

Tazameni, ndugu zangu. Kwanza, ni manukato ya nyumbani kwake; hakuambiwa akakope. Udi ni ghali kwa sababu mti wake ukiwa mzima hauna harufu ya maana. Mpaka ujeruhiwe na kuingiwa na kuvu, ndipo hujaa utomvu mweusi ndani yake. Watu wameukata ovyo kuutafuta, hata mwaka 1995 biashara ya aina yake moja iliyo mashuhuri ikatiwa chini ya mkataba wa mataifa. Basi asiye nao asijione mnyonge, na aliye nao asijione bora.

Pili, manukato yametajwa pamoja na kutotenga baina ya watu. Wanavyuoni wameeleza kuwa makusudio ni kupenya kati ya wawili waliokaa. Lakini nilijiuliza: yule ajitengaye na mwenziwe kwa kiburi cha haludi yake, ameepukana na lawama?

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba watu wa Madina walikuwa wakija Ijumaa kutoka majumbani mwao na vitongojini, wana vumbi na jasho, maana walifanya kazi zao wenyewe. Mtume hakuwafukuza wala hakuwakunjia uso. Aliwaambia kwa upole kwamba ingefaa wajitakase kwa siku yao ile. Basi kuoga ni wajibu wa mwenye jasho apatapo nafasi, na upole ni wajibu wetu sote.

Tena mwamkumbuka mwenye kubeba miski aliyepigiwa mfano na Mtume: ama atakupa, ama utanunua kwake, ama utapata harufu nzuri tu. Katika yote matatu, anayefaidika ni aliye karibu naye. Manukato ya kumkimbizia mtu yamepoteza kazi yake.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda nikakaa kule mlangoni, bega kwa bega na mzee wangu. Nikatoa kichupa, nikampaka mkononi. Hakukataa, akanusa, akatabasamu. Kisha nikamwomba radhi, na iqama iliposomwa tukaenda mbele pamoja.

Basi, ndugu, jitieni manukato, kwa kiasi, maana wako wenye pumu. Na kichupa kisibaki mfukoni. Mwenyezi Mungu atutakase nyoyo kama tutakasavyo nguo. Amin.