Kadi Iliyokatwa Kingo



Huku Marekani ninakoishi kuna mzee wa kwaya yetu anayekusanya kadi za wachezaji wa besiboli, zile za mwaka 1909 hadi 1911 zilizokuwa zinawekwa ndani ya pakiti za sigara. Ni ndogo, hata hazijazi kiganja. Za kwake zimechakaa kweli: pembe zimekuwa duara, zina mikunjo, nyuma gundi ya daftari la mtoto fulani wa zamani. Wataalamu huzipa kadi alama 1 hadi 10, na nyingi za kwake zimepata 1. Hela yake ndiyo inafika hapo.

Nikamuuliza kama haoni aibu kuzionyesha. Akacheka, akanisimulia kadi ya Honus Wagner, ambayo ni adimu sana. Moja ilipewa alama 8, na mwaka 2007 iliuzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo miaka mingi nyuma ili ionekane safi.

Jamani, nilinyamaza. Wiki ileile nilikuwa nimeungama, na nilikuwa nimekata kingo. Nilimwambia Padre, "Nimekosa uvumilivu kwa kaka yangu." Ukweli wenyewe: kaka alinipa hela nimtumie mama, nikaila, aliponiuliza nikamfokea.

Sasa, je, nilidanganya? Karatasi iliyobaki kwenye ile kadi ni halisi. Na nilichosema kilikuwa kweli, neno kwa neno. Lakini nilichagua cha kubakiza ili Padre amwone mtu mwingine, na sioni tofauti kati ya hilo na uongo. Kanisa linatudai tuungame dhambi zote za mauti tunazozikumbuka. Halisemi zile zinazosemeka vizuri.

Sisemi kuchakaa ni sifa. Wapo wanaojisifia dhambi zao kama medali, nayo ni kujipamba tu kwa namna nyingine. Ila Bwana mfufuka alimwonyesha Tomaso makovu yake. Angeweza kuja bila hayo.

Jumamosi kitubio kinaanza saa kumi jioni. Hela ya mama nimeshaituma. Kaka bado sijampigia. Namba yake iko hapa mbele yangu.