Aliyeshindwa Amekosa Nini?

Jamani, hivi aliyeshindwa amekosa nini hasa? Usiku wa Machi 12, 2009, kule New York, Chuo Kikuu cha Connecticut, chenye Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, kilikutana na Syracuse katika robo fainali ya mashindano ya vyuo ya Big East. Dakika 40 zikaisha sare. Wakaongezewa 5, sare tena. Waliongezewa mara sita! Baada ya dakika 70, Syracuse 127, Connecticut 117. Akina Thabeet wakafungasha virago. Machi 14, fainali, Syracuse nao wakafungwa na Louisville.

Kikapu hakina sare. Lazima mmoja atoke. Sawa, wote waliijua kanuni kabla. Lakini kanuni ilitaka atoke tu, haikutaka adharauliwe. Dharau tunaiongeza sisi watazamaji.

Hapa kwetu Kongwa vilevile. Aliyekosa nafasi ya kidato cha tano kwa alama moja tunambatiza "kilaza", kana kwamba hakuwahi kugusa daftari. Nafasi zimeisha, ndugu yangu. Utu wake haujaisha. Siku ya matokeo, kabla hujacheka, jiulize: nani kakutuma?