Leseni ya kununua ni ushahidi wa uongo

KWA miaka kadhaa sasa nafundisha Maarifa ya Uislamu hapa Musoma, na kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kuwa mwenye kuibia mtihani amejidhulumu nafsi yake. Sikutarajia kwamba siku moja maneno hayo yangenirudia mwenyewe, tena si darasani bali barabarani.

Kila Jumamosi nina darsa Bunda, na mara moja kwa mwezi Butiama. Nilichoka kugombania mabasi, nikaamua kujifunza udereva. Nikakata leseni ya kujifunzia, nikajiunga na shule ya udereva, usiku nikawa nakariri alama za barabarani kama mtoto wa madrasa anavyokariri Juzuu Amma. Wiki moja kabla ya kujaribiwa, kishoka mmoja akanifuata: “Ustadhi, wewe gari unalijua. Ya nini kuhangaika? Toa ya chai tu, leseni utaifuata ikiwa tayari.”

Nakiri kuwa sikumfukuza. Nililala na maneno yake, na baya zaidi, nikaanza kuyatafutia hoja ya dini. Wapo wanazuoni walioruhusu mtu kutoa mali ili aipate haki yake aliyozuiliwa, pale anapokuwa hana njia nyingine, na dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Nikajiambia: kuendesha najua, basi leseni ni haki yangu.

Je, ni kweli? Hapo ndipo nilipokuwa najidanganya. Leseni si mali yangu iliyofungiwa kabatini na mtu mwingine. Leseni ni ushahidi. Askari wa usalama barabarani anayemjaribu mtu huwashuhudia watu wote, yaani mama muuza samaki, mtoto wa shule na mwendesha baiskeli, kwamba huyu ameonekana anaweza. Kabla ya kujaribiwa hakuna haki iliyozuiliwa, kwa sababu haijathibiti. Kwa hiyo anayenunua leseni hakomboi haki yake, ananunua ushahidi. Na Mtume (SAW) ameuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa, kama alivyomlaani mtoa rushwa pamoja na mpokeaji.

Atasema mtu: kama kweli anajua kuendesha, uongo uko wapi? Uongo uko katika kusema amejaribiwa ilhali hakujaribiwa. Tena, nani aliyemwambia kuwa anajua? Mimi nilijiona najua. Siku ya mtihani niliambiwa nisimamishe gari kwenye mwinuko, kisha niliondoe. Nikaachia breki ya mkono mapema, gari likarudi nyuma hatua kadhaa. Nyuma yangu hakukuwa na mtu, alhamdulillah. Nikafeli. Kishoka alicheka, lakini mimi usiku ule nilikuwa nawaza jambo moja: je, kama ningekuwa tayari nina kadi mfukoni, na nyuma yangu yuko mtoto?

Sisi wa Mara hatuna haja ya kuhadithiwa. Septemba 5, 2014, katika eneo la Sabasaba, Butiama, mabasi mawili yaligongana na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Siutaji msiba ule ili kuwahukumu waliokuwa kwenye usukani. Nautaja ili tukumbuke uzito wa kitu tunachokiita karatasi tu. Qur’an, katika Suratul Maida aya ya 32, imeifananisha nafsi moja inayouawa bila haki na watu wote. Itakuwaje basi kwa anayeiuza nafasi ya kuishika roho ya mwenzake kwa bei ya chai?

Lipo swali gumu zaidi. Vipi yule anayejua kweli, akajaribiwa, akafaulu, kisha akazungushwa mpaka atoe kitu? Huyo ni mdhulumiwa, na sithubutu kumweka fungu moja na mnunuzi. Lakini na yeye asiikimbilie ruhusa ya dharura kabla hajarudi tena, hajalalamika kwa wakubwa, hajafika TAKUKURU. Dharura ni mlango wa mwisho. Sisi tumeugeuza kuwa wa kwanza, kwa sababu tu hatupendi kusubiri.

Pale Butiama amezikwa Mwalimu Nyerere, ambaye chama chake cha TANU kiliwaapisha wanachama wasipokee wala wasitoe rushwa. Tunapenda kuwasema wapokeaji. Sisi watoaji tunajiona wahanga.

Nilirudi mazoezini mwezi mzima, nauli na ada vikaniuma kwelikweli. Mara ya pili nilifaulu. Sasa nikipita Makutano kuelekea Bunda, najua kwamba aliyenishuhudia hakusema uongo kwa ajili yangu. Na nikiwaambia wanafunzi wangu wasiibie mtihani, naweza kuwatazama usoni.

Allah atujaalie kuzitunza amana. Wallahu a’alam.