Neno Lililotolewa kwa Fimbo

Mtu akipigwa hata akakiri, je, neno lile ni lake, au ni la mpigaji?

Nauliza kwa ajili ya Kardinali József Mindszenty, Askofu Mkuu wa Esztergom katika nchi ya Hungaria. Wakomunisti walipotwaa shule za Kanisa mwaka 1948, aliwapinga waziwazi. Nao wakamkamata tarehe 26 Desemba mwaka ule ule. Lakini alikuwa amekwisha kuandika waraka, kwamba hakushiriki njama yo yote. Na ikisikiwa baadaye kuwa amekiri, hayo yatakuwa ni udhaifu wa kibinadamu, wala yasihesabiwe kuwa kitu.

Huko Budapest alipigwa kwa fimbo ya mpira, akanyimwa usingizi usiku baada ya usiku. Mwisho akatia sahihi. Ila baada ya jina lake aliandika herufi C.F., maana yake kwa Kilatini, nimefanya kwa kushurutishwa. Februari 1949 mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha.

Wako watakaosema waraka ule ni hila, ni udhuru uliotengenezwa kabla ya kosa. Sikubali. Mwenye hila huponya mwili wake, na waraka ule haukumpunguzia hata pigo moja. Uliwafaa Wakristo wake, wasije wakadanganywa kwa sauti yake mwenyewe. Tena husemwa, mbona mashahidi wa kale hawakukana? Wale waliulizwa wakiwa na akili timamu, wachague uhai au kifo. Huyu aliondolewa kwanza ile akili ya kuchagulia. Na ukatili huo mimi nauogopa kuliko upanga.

Jambo hili twalijua katika ndoa. Msichana akiitikia mbele ya padre kwa kuogopa fimbo ya baba yake, Kanisa halihesabu kuwa amekubali, ijapokuwa kijiji kizima kimemsikia.

Walakini tusijifiche nyuma ya Kardinali. Petro hakupigwa na mtu usiku ule alipomkana Bwana. Aliulizwa tu na kijakazi, penye moto. Neno lile lilikuwa lake, naye akalilia. Sisi tusemao, "Nilishurutishwa," mara nyingi tulikuwa penye moto tu.

Mindszenty alifunguliwa na watu walioasi mwaka 1956. Majeshi ya Urusi yalipoingia alikimbilia ubalozi wa Marekani, akakaa humo karibu miaka 15. Mwaka 1974, mmoja kabla ya kufa kwake, kilitoka kitabu cha maisha yake. Ndani yake hakuficha mapigo, wala hakuficha sahihi.