Kasoro Iliyozoeleka

Je, mtu ajuaye kasoro ya chombo chake, naye akaizoea hata isimdhuru tena, bado ana deni kwa wengine? Swali hili laweza kudhaniwa dogo, kwa kuwa kasoro yenyewe aghalabu ni ndogo. Lakini katika makubwa mtu huogopa macho ya watu. Katika madogo hana wa kumwogopa ila nafsi yake.

Mfano wa jambo hili hupatikana katika trekta dogo la bustani, litumiwalo sana Marekani kukatia majani katika viwanja vya nyumba. Katika miaka ya 1960 yalitokea huko matrekta ya aina hii yaendeshwayo kwa nguvu ya mafuta, kama Cub Cadet 123 la kampuni ya International Harvester. Injini huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta. Mafuta huzungusha mota, na mota huendesha magurudumu. Ndani ya pampu mna pistoni zinazozunguka zikiegemea bamba. Bamba likiinama upande mmoja, pistoni huingia na kutoka, mafuta hupita, na trekta huenda mbele. Likiinama upande wa pili, trekta hurudi nyuma. Lisipoinama kokote, pistoni huzunguka bila kusukuma kitu, na trekta husimama ingawa injini inanguruma.

Baina ya dereva na bamba hilo pana wenzo na fito za chuma, nazo ni wajumbe wa nia yake. Viungo vikilika, au ufito ukiwa mrefu au mfupi kuliko ipasavyo, wenzo hufika penye alama ya kusimama ilhali bamba lingali limeinama kidogo. Trekta basi hutambaa. Alama yasema limesimama. Magurudumu yasema mengine.

Mwenye trekta huzoea. Hujifunza kuusogeza wenzo kidogo kupita alama, au kuuacha mguu juu ya breki. Baada ya muda haoni tena kasoro, bali huona desturi. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana mazoea hayakuliondoa kosa. Yamelihamisha tu kutoka kwa ajuaye hadi kwa asiyejua. Siku jirani atakapoliazima trekta akaiamini alama, na mtoto akawa amesimama mbele yake, deni litalipwa na asiyekopa.

Yamkini mtu atajibu kwamba hakuna chombo kikamilifu, na kwamba kila kiungo kina ulegevu wake, kwani kisicho na ulegevu hakisogei. Neno hili ni kweli, lakini halifuti wajibu. Kinachodaiwa si ukamilifu. Ni alama isiyosema uongo.

Kazi ya kurekebisha yenyewe ina mafunzo. Fundi huyazuia magurudumu ya mbele kwa kabari, huyainua ya nyuma kwa jeki, na huliweka trekta juu ya vihimili imara. Huwasha injini, huachia breki, akatazama. Magurudumu yakizunguka, huzima injini, hulegeza nati, hurefusha au hufupisha ufito kidogo, kisha hujaribu tena. Wala haridhiki na jaribio moja. Huuleta wenzo penye alama mara akitoka upande wa mbele, mara akitoka upande wa nyuma, kwa sababu fito zilizolika zaweza kusema kweli upande mmoja na kukosa upande wa pili. Ikiwa hivyo, marekebisho hayatoshi. Kilicholika hakina budi kubadilishwa.

Vivyo hivyo, ajipimaye kwa upande unaompendeza tu hajajipima. Aliyelizoea trekta lake amelijaribu kwa mguu wake mwenyewe, uliokwisha kujifunza hila zake. Kipimo cha haki ni mguu wa mgeni.

Basi jibu ni kwamba deni lipo, na mazoea hayalilipi. Malipo yake ni spana na saa chache za subira. Na asiyeweza kurekebisha leo angali na la kufanya: amwambie aazimaye, kabla hajaketi, kwamba alama ile haiaminiki.